Ramani Moja Haifai Tanga na Dodoma

Siku hizi ramani ya nyumba inanunuliwa kwenye simu. Mtu anaingia kwenye kundi la WhatsApp, anachagua picha ya nyumba ya vyumba vinne, viwili masta, anatuma hela, na jua halijazama ameshapata faili lake. Ramani hiyohiyo imeshajengwa Mbezi, imejengwa Njiro, imejengwa Tanga, na sasa inajengwa Dodoma. Kazi yangu ni kuchora na kusimamia mafundi, kwa hiyo nyumba hizi nazitambua nikiwa bado kwenye bodaboda: paa lenye migongo isiyo na idadi, dirisha kubwa la kioo limeelekezwa barabarani ili wapita njia waone, na tundu la kiyoyozi limeshatobolewa hata lipu haijapigwa. Aliyeichora hakuuliza kiwanja kiko wapi. Hakuuliza upepo unatokea wapi, maji ya mvua yanapita wapi, wala jua la saa kumi jioni linapiga ukuta gani.

Wanaouza ramani wanatafuta riziki, sina ugomvi nao. Ninachoshangaa ni kwamba tukiongelea usanifu wa kiikolojia, yaani kujenga kwa kufuata mazingira, tunaonyeshana picha za maghorofa ya ng'ambo yenye majani yaliyopandwa barazani, halafu maswali yale matatu hakuna anayeyauliza. Mimi niliyapata kwa mafundi, na kila mahali nilipofanya kazi yalinipa jibu tofauti.

Pa kwanza palikuwa Unguja. Nilikwenda kama msaidizi kwenye ukarabati wa nyumba moja ya zamani ya Mji Mkongwe, mji ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Nyumba ya ghorofa mbili, kuta za mawe ya matumbawe zilizojengwa kwa chokaa na udongo mwekundu, nene kiasi kwamba mtoto anaweza kujilaza dirishani akalala. Kabla yetu alikuwa amepita mkandarasi mmoja, akaipiga chini yote lipu ya saruji na kuipaka rangi ya mafuta. Nasikia ilipendeza sana. Tulipoikuta, kuanzia usawa wa goti mpaka kifuani rangi ilikuwa imevimba malengelenge. Nililibonyeza moja kwa kidole gumba, likapasuka, unga mweupe ukamwagika kwenye kiatu. Nikauonja. Chumvi tupu.

Fundi mkuu, mzee wa Kiunguja asiyependa maneno mengi, aligonga ukuta kwa mpini wa nyundo akitega sikio. Paliposikika utupu aliingiza ncha ya mwiko pembeni na kupindua kidogo tu. Kipande kizima cha lipu kikaporomoka. Nyuma yake jiwe limelowa tepetepe, na udongo uliokuwa kati ya mawe unachotwa kwa kidole. Akaniambia, "Ukimziba mtu pua, usimlaumu akihema kwa mdomo."

Jambo lenyewe ndilo hilo. Jiwe la tumbawe limejaa vitundu, na maji ya ardhini yenye chumvi hupanda ndani yake taratibu. Ukuta uliopigwa chokaa huyaachia maji hayo hewani pale chini chini, chumvi inabaki juu ya uso, unaifagia, na mwaka ukigeuka unapaka chokaa upya. Saruji inaiziba njia hiyo. Maji hayaondoki kwa sababu yamezibiwa. Yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka ibanduke. Mwenye nyumba akiona imebanduka anaita fundi mwingine, naye anakuja na saruji nyingi zaidi.

Tuliivua lipu yote, tukaziacha kuta wazi kipindi chote cha kaskazi zikauke. Bi mkubwa mwenye nyumba alikuwa anashuka kila asubuhi na kanga yake begani, anatazama mawe, anatutazama sisi. "Wanangu, hii nyumba mtaivisha lini? Wageni wananiuliza kama tumefilisika." Fundi akamjibu kwa adabu kwamba nyumba ikivishwa ikiwa imelowa itaugua tena. Bi mkubwa hakuridhika, ila chai aliendelea kutuletea.

Wakati kuta zinakauka tulikuwa tunaivisha chokaa. Jiwe la chokaa likichomwa kwa joto la kama nyuzi 900 za sentigredi hutoa hewa ya kaboni, yakabaki mabonge meupe mepesi. Unayatumbukiza kwenye shimo la maji. Mwanzo kimya, unaweza kudhani umeuziwa mawe. Kisha yanaanza kualika, yanapasuka, maji yanachemka bila moto na mvuke unapanda. Hapo unasimama upande unakotoka upepo na macho umeyafunika, maana tone moja la chokaa mbichi linaweza kukupofusha. Ikitulia inaachwa humo imefunikwa na maji, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini na yenye kunata. Ikipakwa ukutani inarudisha ile hewa iliyofukuzwa na moto, inainywa kidogo kidogo, inakuwa jiwe tena. Ni kazi ya tabaka nyembamba nyembamba, kila tabaka inafunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa ili jua lisiikaushe haraka ikapasuka. Vijana waliozoea saruji, wanaopiga lipu leo na kesho wako kwenye kazi nyingine, waliona wanateswa.

Hapa nitie neno, kwa sababu kuna watu wakisikia habari hizi wanageuka wapenzi wa kila kilicho cha kale. Chokaa ya kienyeji ilichomwa juu ya lundo la magogo, na lundo moja ni miti mingi. Mawe mengine yalikatwa baharini yakiwa hai, kwa sababu yakiwa mabichi yanachongeka kirahisi; huko ni kubomoa nyumba ya samaki ili binadamu ajenge yake. Saruji nayo hubeba karibu asilimia 8 ya hewa ya kaboni inayotolewa na shughuli za watu duniani. Hakuna aliye safi. Mimi saruji naitumia, tena bila aibu, kwenye msingi, kwenye linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) na kwenye tangi la maji. Kwenye ukuta wa matumbawe siiweki.

Nyumba ile ilinifundisha jambo jingine nililoliona siku nilipopima vyumba. Vyote vilikuwa virefu na vyembamba, upana unacheza kwenye mita mbili na nusu hadi tatu. Ukitazama juu unapata sababu: dari limebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka zaidi ya hapo bila kupinda. Mti ndio uliochora ramani. Boriti hizo zilipakiwa majahazini kwa karne nyingi na kupelekwa Oman, Bahrain na Kuwait, na nyumba za zamani za huko zina vyumba vyembamba vilevile. Sultani Barghash wa Zanzibar alipotaka kumbi pana za jumba lake la Beit al-Ajaib, mwaka 1883, ilibidi atumie chuma.

Leo boriti za mikoko sizipendekezi kwa nyumba mpya. Mikoko inavunja nguvu ya mawimbi, kamba na samaki wachanga wanakulia kwenye mizizi yake, na kuikata kunahitaji kibali; delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko mahali pengine Afrika Mashariki, imeshakatwa vya kutosha. Mteja akitaka dari la miti namwelekeza kwenye mvinje, ambao watu wanaupanda mashambani na kuuvuna. Hauvumilii wadudu kama mkoko, kwa hiyo unatiwa dawa. Kinachonikera ni boriti za urembo, zile zinazogundishwa chini ya zege ili hoteli ionekane ya Kiswahili. Zege limebeba kila kitu, mti umekatwa ili upigwe picha.

Kwetu ni Tanga, na nilipoanza kupata kazi zangu mwenyewe nilianzia nyumbani. Tanga si nyuzi za joto tu zinazochosha, ni unyevu. Jasho halikauki. Tena usiku haupoi sana, kwa hiyo ukuta mnene peke yake haukusaidii. Umeshiba joto mchana, saa sita usiku bado unalitoa. Kinachomfariji mtu wa pwani ni hewa inayopita mwilini. Basi kazi ya kwanza kiwanjani ni kujua kaskazi, inayovuma takriban Desemba hadi Machi, itaingilia wapi, na kusi, kuanzia kama Aprili, itaingilia wapi.

Mteja wangu mmoja alikuwa mwalimu mstaafu aliyenunua kiwanja njia ya kwenda Pangani. Alikuja na picha ya simu, ile ile. Nikamwomba tuiweke pembeni kwanza, tukae chini ya mwembe uliokuwa kiwanjani. Upande mrefu wa nyumba tuliuelekeza kaskazini na kusini. Sababu yake ni hesabu anayoweza kuifanya mtoto wa sekondari. Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri mwezi wa Juni linainamia kaskazini lakini bado liko juu, nyuzi 61 hivi. Desemba linainamia kusini, likiwa juu zaidi, nyuzi 71. Ukitoa upenu wa mita moja, kivuli kinashuka ukutani karibu mita 1.8 Juni na kama mita 3 Desemba. Adhuhuri dirisha lote liko kivulini mwaka mzima, na hujalipa chochote zaidi ya mabati ya upenu. Mashariki na magharibi mambo ni tofauti, kwani huko jua linakuja likiwa chini na upenu haulizuii. Ndiyo maana magharibi tuliweka stoo, bafu na jiko, na mwembe ukabaki palepale, ingawa fundi wa msingi alikuwa ameshaupigia hesabu ya mkaa.

Tukaja kwenye madirisha. Mwalimu alitaka aluminiamu ya kusukuma. Nilimpeleka kwa jirani yake aliyeshaweka, tukafungua dirisha lote, nikamwuliza ameona nafasi kiasi gani. Nusu. Hata ufungue vipi, kioo kimoja kinakwenda kusimama nyuma ya kingine, na nusu ya dirisha ulilolipia inabaki imezibwa. Ongeza wavu wa mbu, ambao nao unapunguza upepo, utaelewa kwa nini jirani analala na feni kwenye nyumba yenye madirisha kumi na kitu. Tulikubaliana milango ya madirisha ya mbao, yenye vipande vilivyoinamishwa kama ilivyo kwenye nyumba za zamani za mjini, inayofunguka yote, na nondo mbele kwa ajili ya wezi.

Lakini dirisha la kuingizia hewa bila pa kutokea ni pambo. Kuta zilipofika usawa wa linta, mwalimu alileta udi na chetezo kutoka kwake. Tukasimama kwenye chumba cha watoto, tukafukiza. Moshi uliingia kutoka dirishani hatua mbili, ukasita, ukapanda juu moja kwa moja. Mlango ulikuwa umekaa kwenye kona, upande uleule wa dirisha. Tukaenda sebuleni, moshi ukavuka chumba na kutokea upande wa pili mpaka mafundi wakaanza kuuliza harusi ya nani. Mlango wa chumba cha watoto ukahamishiwa upande wa pili siku ileile, kwa gharama ya matofali machache, na juu ya milango yote ya ndani tukaacha matundu ya hewa. Tangu hapo huwa nafanya jaribio la udi kwenye kila boma la pwani kabla ya kufunga linta. Baada ya linta mwenye nyumba hataki tena kusikia habari ya kuhamisha mlango.

Paa tulilijadili sana. Mimi nilitaja makuti, kwa ubaridi wake. Mwalimu akacheka: "Makuti ni ya watalii, kijana. Mimi nimekulia kwenye makuti." Alikuwa na haki. Makuti yanabadilishwa kila baada ya miaka michache, na cheche moja ya jikoni inaweza kumaliza nyumba. Tukaweka mabati ya rangi nyeupe, mteremko mkali, dari lenye nafasi ya kutosha juu yake, matundu yenye wavu chini ya upenu na pa kutokea hewa chini ya kofia ya paa. Hewa ya moto iliyoko chini ya bati ina njia ya kuondoka kabla haijashuka chumbani. Msanifu majengo Francis Kéré alifanya jambo la ukoo huohuo kwenye shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001: aliliinua bati juu ya dari la matofali ya udongo ili upepo upite katikati. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani. Nimeangalia sana picha za paa lile. Halina kitu ambacho fundi wa Handeni mwenye mashine ya kuchomelea hawezi kukifanya.

Mpwa wa mwalimu, mtumishi wa serikali, alikuja likizo, akalala pale mwezi wa Februari bila feni, akaniita. Alikuwa amehamia Dodoma na wenzake wengi tangu serikali ianze kuhamia huko mwaka 2016, na alikuwa na kiwanja. "Nijengee ileile ya mjomba."

Nilikataa, na ilibidi nieleze. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua kali, hewa kavu. Usiku wa Juni na Julai unatafuta blanketi. Upepo wa mashariki unakuja na vumbi. Mvua ni kama milimita 550 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Nyumba ya mjomba, iliyofunguka kila upande, ingejaa mchanga mpaka kwenye sufuria. Wagogo walishalijibu swali hili kwa tembe: nyumba ya chini, kuta za miti na udongo, paa bapa lililofunikwa udongo, matundu machache, vyumba vimezunguka ua ambako watu na mifugo wanajikinga na upepo. Hapo ukuta mnene una kazi kweli, kwa sababu usiku kuna baridi ya kuupoza. Unachelewesha joto la mchana mpaka jioni, wakati unalihitaji.

Sikumjengea tembe, mkewe asingekubali, na paa la udongo linataka kutengenezwa kila msimu. Tulichukua akili yake tu: kuta nene, madirisha madogo upande wa mashariki, na ua nyuma ya nyumba, ukikingwa na nyumba yenyewe. Matofali tulitumia ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine kwa udongo wa palepale na saruji kidogo, aina ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiihimiza kwa muda mrefu. Hayachomwi, kwa hiyo hakuna tanuri wala magogo, na yanapangwa karibu bila udongo wa kuunganishia.

Si kila udongo unafaa. Kabla ya kukodi mashine nilijaza udongo kwenye chupa ya maji ya plastiki mpaka kama theluthi, nikaongeza maji na chumvi kidogo, nikaitikisa na kuiacha juu ya ndoo mpaka kesho yake. Asubuhi tabaka zilikuwa zimejipanga, mchanga chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Udongo mwekundu wa upande wa juu wa kiwanja ulikuwa na mchanga mwingi na mfinyanzi wa kushika, ukafaa. Ule mweusi wa bondeni, wa mbuga, ulikuwa mfinyanzi karibu wote, na huo ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka. Hautufai kwa tofali, na nyumba nayo tukaisogeza mbali nao.

Kubwa kwa Dodoma ni maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu lilikuwa na mita za mraba 150, kwa hiyo linapokea zaidi ya lita 80,000 kwa mwaka. Toa yanayorukia nje na ya mvua ya kwanza inayoosha vumbi, unabaki na kama 65,000. Tatizo yote yanakuja katika miezi mitano, halafu ukame. Tangi la kuyahifadhi linagharimu pesa inayoumiza, na hapo ndipo mpwa wa mwalimu alipotaka kuniaga. Bado alikuwa na dirisha lake moyoni, lile kubwa la kioo, mashariki, likitazama barabara.

"Kaka, watu watajuaje kwamba hapa pamejengwa?"

Nikamwandikia bei ya dirisha lile kwenye karatasi, na ya kiyoyozi ambacho lingekilazimisha, na ya pazia zito atakaloliteremsha kila siku kuanzia saa moja asubuhi. Pembeni nikaandika bei ya tangi. Alikwenda kuongea na mkewe. Mke, ambaye ndiye angenunua maji ya boza, hakuhitaji karatasi ya pili. Dirisha la mashariki likawa la mita moja kwa sentimita 60, tangi likachimbwa chini ya ua, na geti likapigwa rangi ya dhahabu ili mume naye apate chake.